Maudhi Madogo Madogo na Mioyo Yetu Migumu



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaotusoma kutoka mbali, tafakari ya juma hili haitamfurahisha kila mtu, wala hatukuiandika ili ifurahishe.

Jumapili ya tatu ya Kwaresima, katika Misa ya kwanza, somo la pili likiwa linasomwa, mwanamume mmoja aliinuka kutoka benchi la nyuma, akaziba mdomo kwa leso, akatoka kwa haraka. Alikwenda kutapika nyuma ya sakristia, karibu na tangi la maji ya mvua. Waliosimama mlangoni walimwona. Sisi tulikuwa altareni na hatukuona kitu. Lakini kabla hatujafika kwenye matangazo, habari ilikwisha kuzunguka kanisa zima kwamba fundi fulani ametoka kilabuni moja kwa moja hadi mbele ya Bwana. Jumatano yake, katika sala ya jumuiya, ilipendekezwa, na hakuna aliyepinga, kwamba ashauriwe asionekane kanisani mpaka atakapojirekebisha.

Fundi huyo hakuwa amegusa pombe kwa siku kumi na moja. Alikuwa amelazwa hospitalini siku nne ili pombe imtoke mwilini chini ya uangalizi, kisha akapewa vidonge vya naltreksoni: nusu kidonge kila asubuhi kwa juma la kwanza, baadaye kizima, na kila mara baada ya kula. Siku za kazi alikula kiporo cha ndizi na chai, akameza, akaenda zake kujenga. Jumapili hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya kidonge kizima. Akakimeza saa kumi na moja alfajiri, tumbo likiwa tupu, kwa sababu marehemu bibi yake alimfundisha kwamba anayetaka kukomunika haweki kitu kinywani tangu usiku wa manane. Dawa aliona inaruhusiwa, chakula aliona ni mwiko. Saa moja na ushei baadaye ndipo akaonekana pale penye tangi.

Tumeyaandika haya kwa ruhusa yake. Alituomba tusimtaje jina, akaongeza kwa mzaha wake wa kawaida kwamba wanaomjua wamekwisha kumhukumu, na wasiomjua hawana haraka.

Tuanze na kosa letu sisi wachungaji, maana hukumu huanzia nyumbani mwa Bwana. Mfungo wa tangu usiku wa manane ulikuwa sheria kweli katika siku za bibi yake. Papa Pius XII aliulegeza mwaka 1953, akaulegeza tena mwaka 1957, na Papa Paulo VI akaufanya uwe wa saa moja tu kabla ya Komunyo mwaka 1964. Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa, iliyotangazwa mwaka 1983, inasema wazi kwamba maji na dawa havivunji mfungo huo, na kwamba wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza wanaweza kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Imekuwa kitabuni zaidi ya miaka arobaini, na mtu wetu hakuijua, kwa kuwa hatukumwambia. Tulihubiri mfungo kwa sauti kubwa, tukahubiri msamaha wa mgonjwa kwa kunong'ona, kama kwamba ni siri ya mapadre. Kutapika kwake kulitokana na dawa, lakini sehemu yake ni deni letu.

Sasa tuje kwa wengine.

Wauguzi wetu wana msemo wao kuhusu yale yanayomsumbua mtu anayetumia dawa: huyaita maudhi madogo madogo. Ni msemo mwema. Ulibuniwa ili kuwatia moyo wagonjwa wasikimbie tiba. Lakini yatupasa kuuliza ni madogo kwa nani. Kichefuchefu cha asubuhi kwa mtu anayepaswa kupanda kwenye mirunda akiwa na ndoo ya saruji begani si kidogo. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kukosa hamu ya chakula, kulala saa mbili na kuamka na kukaa macho mpaka jogoo awike, wasiwasi usio na sababu: haya ndiyo watu wanaotumia naltreksoni hukutana nayo mara nyingi, hasa katika juma la kwanza na la pili. Kwa walio wengi hupungua na kwisha. Shida ni kwamba mlevi anayejaribu kuinuka anaijua njia moja ya hakika ya kuondoa kichefuchefu, wasiwasi na usiku usio na usingizi, na njia hiyo inauzwa hatua hamsini kutoka mlangoni pake, kwa mkopo.

Ndiyo maana tunasema kwamba mashindano yenyewe yako katika siku zile kumi na nne za kwanza. Na ndizo siku ambazo sisi, watu wa sala, tumekuwa tukimwacha peke yake.

Tumezisikia sababu. Ya kwanza tumeisikia hata kutoka midomo ya viongozi wa jumuiya: amejitakia mwenyewe. Alikunywa kwa hiari yake, na ateseke kwa hiari yake. Kichefuchefu hicho ni malipo ya miaka yote aliyomliza mkewe. Maneno haya yana ladha ya haki, ndiyo maana yanaenea. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1735, inafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupungua, hata kuondoka kabisa, kwa sababu ya mazoea na mambo mengine ya nafsi na ya jamii. Haisemi kwamba ulevi si dhambi. Inasema kwamba wewe uliyeketi benchi la mbele huna mizani ya kupimia ni kiasi gani cha ulevi wa jirani yako ni dhambi na ni kiasi gani ni ugonjwa. Na hata kama ungekuwa nayo, tangu lini kitubio kikatolewa na tumbo? Dhambi zake aliziungama, akapewa malipizi yake, na malipizi hayo hayakuwa kutapika.

Tena tunauliza, kwa nini malipo haya hudaiwa kwa mnywaji peke yake? Parokia yetu imekwisha kuwabeba wagonjwa wa kifua kikuu na wa virusi vya UKIMWI. Tunawakumbuka waliotishwa na mkojo uliogeuka rangi ya chungwa kwa ajili ya dawa za kifua kikuu, mpaka mhudumu akawaeleza kwamba ni rangi ya dawa tu. Tunawakumbuka walioanza dawa za kufubaza virusi pale zilipoanza kutolewa bure miaka ile ya 2004 na 2005, wakaota ndoto za kutisha, wakayumba kama walevi, na akina mama wa WAWATA wakapokezana kuwapelekea uji ili wasimeze dawa na njaa. Kila mgonjwa alikuwa na mtu wake wa karibu wa kumkumbusha saa ya dawa. Hatukuuliza nani alipata ugonjwa kwa njia gani. Au tuliuliza mwanzoni, tukaona aibu, tukaacha. Wale wale waliobeba uji mwaka ule ndio leo wanaosema mnywaji aachwe ajifunze. Je, uji umeisha?

Sababu ya pili inavaa kanzu ya utakatifu: kwamba Mkristo wa kweli huacha pombe kwa sala na mfungo, na kwamba kidonge ni upungufu wa imani. Tusigeuze Kanisa duka la dawa, aliandika mmoja wenu katika kikaratasi alichotuachia chini ya mlango wa nyumba ya mapadre, bila jina. Tunamjibu hapa kwa kuwa hakutupa njia nyingine. Ndugu, mfalme Hezekia aliugua karibu kufa. Akageukia ukutani, akasali, akalia. Mungu akasikia sala yake na kumwongezea miaka kumi na mitano. Hayo yameandikwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20. Endelea kusoma mistari michache mbele. Nabii Isaya, akiwa na ahadi ya Mungu mkononi, aliagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala imesikika, na bado nabii anaagiza dawa. Hezekia hakulitupa lile andazi la tini akisema linamdharaulisha Mungu. Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38, anamtaka mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake, na haoni ugomvi wowote kati ya mambo hayo matatu.

Wengine hututajia Mtumishi wa Mungu Matt Talbot wa Dublin, ambaye Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa mwaka 1975. Tunampenda sana na tunamwombea atangazwe mwenye heri. Aliacha pombe mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, na hakunywa tena mpaka alipofariki njiani akienda kanisani mwaka 1925. Ni kweli hakumeza kidonge. Kilikuwa wapi mwaka 1884? Disulfiramu ilianza kujulikana kuwa dawa ya walevi mwishoni mwa miaka ya 1940, pale watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walipoijaribu miilini mwao wenyewe wakiitafutia kazi ya kuua minyoo, kisha wakanywa pombe na kuona cha mtema kuni. Naltreksoni ilikubaliwa kwa ajili ya walevi nchini Marekani mwaka 1994. Ila tazameni alichokuwa nacho Talbot: hakuapa kuacha maisha yote kwa siku moja, alianza na nadhiri ya miezi mitatu, kisha akaiongeza. Akaacha kutembea na fedha mfukoni, kwa kuwa aliujua udhaifu wake. Mtu anayeijua nafsi yake kiasi hicho hawezi kutumiwa kumpiga nacho mwenzake kichwani.

Sababu ya tatu ni yetu mapadre, na inatuuma kuisema. Fundi alipotujia siku chache baada ya mkasa ule akilalamika kichefuchefu, tulimjibu kwa haraka, tukiwa na mkoba begani, kwamba avumilie na ayaunganishe mateso yake na Mateso ya Bwana. Jibu sahihi kabisa, na la kivivu kabisa. Hatukumuuliza kama alikuwa amekula. Barua ya kitume ya Papa Yohane Paulo II juu ya maana ya mateso, Salvifici Doloris, ya mwaka 1984, hunukuliwa sana katika mahubiri ya Kwaresima. Lakini wengi wetu hufunga kitabu kabla ya sura inayotangulia hitimisho, na sura hiyo yote ni ya Msamaria Mwema. Mateso ya mwenzangu ni mwito kwangu nisimame, nishuke kwenye punda wangu. Msamaria hakumwambia yule majeruhi ayatolee majeraha yake. Alimfunga vidonda, akalipia chumba, akaahidi kurudi.

Basi na sisi tumesimama, tumeuliza, na tunawapa tuliyoelezwa na waganga. Anayetaka kuyatumia ayapeleke kwanza kwa daktari wake, kwa kuwa sisi ni wachungaji tu.

Yako makundi ya dawa, na watu wetu huyachanganya, na mchanganyo huo huleta hofu. Naltreksoni haimfanyi mtu augue akinywa pombe. Pombe ikiingia mwilini huuamsha ubongo utoe kemikali zake za raha. Naltreksoni hukalia vile viti ambavyo kemikali hizo zingekalia, hivyo mnywaji hunywa na asiuone ule utamu uliomvuta. Kwa sababu hiyo wako madaktari wanaompa mtu dawa hii hata kabla hajaacha kabisa, ili kiasi chake kipungue kidogo kidogo. Tunajua kuna watakaokwazika kusikia padre akisema hivyo. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kinywaji ni dhambi. Linafundisha kwamba kupita kiasi ni dhambi, na Bwana mwenyewe alikuwa mgeni wa heshima katika arusi ya Kana. Mtu aliyetoka chupa kumi hadi tatu yuko njiani, naye Baba yule wa mwana mpotevu alimwona mwanawe akingali mbali.

Akamprosati ni nyingine. Hupewa aliyekwisha kuacha, ili kutuliza ubongo uliozoea pombe. Maudhi yake makubwa ni kuharisha, na daktari hupima figo kabla ya kuitoa. Hii na naltreksoni ziliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Anayesema ni dawa za mashaka amepitwa na habari.

Ya tatu ni ile disulfiramu, nayo ni ya namna nyingine kabisa. Ini huivunja pombe kwa hatua: ya kwanza hutoa sumu iitwayo asetaldehidi, ya pili huiondoa. Dawa hii huifunga hatua ya pili. Mtu akinywa, sumu hujaa: uso huwaka, kichwa hugonga, moyo hukimbia, pumzi hukata, hutapika mpaka ashindwe kusimama, na wengine hufa. Hali hiyo yaweza kumpata hata majuma mawili baada ya kidonge cha mwisho.

Hapa tunawageukia mama zetu, na tunasema kwa upole lakini tunasema. Yapo mazoea ya kusaga kidonge hiki na kumtilia mume kwenye supu au chai bila yeye kujua, "ili aichukie pombe". Tunayajua machungu yanayowafikisha hapo. Tumeyasikia usiku kwenye mlango wetu. Lakini mwanamume asiyejua ameza nini hana namna ya kujihadhari. Atakunywa kama jana, na akianguka kilabuni na moyo wake, daktari hatajua la kufanya kwa kuwa hakuna atakayethubutu kusema. Huko si kutibu. Ni kumtega mtu ambaye mliapa mbele yetu kuwa waaminifu kwake. Kama yupo anayefanya hivyo leo, aache leo, na aje azungumze nasi au na daktari bila kuogopa. Na wale wanaoviuza vidonge hivyo kwa akina mama waliokata tamaa, bila cheti wala swali, wajue kwamba wanauza hatari ya kifo, na damu ina mwenyewe.

Anayetumia disulfiramu kwa kujua na kwa hiari yake, na wapo wanaosaidiwa nayo sana, ajihadhari na dawa za kikohozi na za kusukutua mdomo zenye spiriti. Ajihadhari na Kikombe pia. Katika parokia yetu walei hukomunika kwa maumbo yote mawili mara chache, zaidi maarusi siku ya ndoa. Basi bwana harusi anayetumia dawa hii asione haya kutuambia mapema. Kristo mzima yumo katika umbo la mkate peke yake. Mtaguso wa Trento ulilifundisha hilo mwaka 1562. Hata padre mwenye shida hiyo hakuachwa: barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya tarehe 24 Julai 2003, iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger, inamruhusu Askofu kumpa kibali cha kutumia mustumu, yaani maji ya zabibu ambayo uchachu wake umesimamishwa pasipo kubadili asili yake. Kanisa lililoweza kumfikiria padre mgonjwa mbele ya Kikombe kitakatifu linashindwaje kumfikiria fundi mwashi mbele ya kikombe cha uji?

Turudi kwa maudhi yenyewe. Kichefuchefu cha naltreksoni hupungua sana dawa ikimezwa baada ya chakula cha kushiba. Chai kavu haitoshi. Kikizidi, daktari anaweza kukurudisha kwenye nusu kidonge kwa siku kadhaa, au akuhamishie saa ya dawa iwe baada ya chakula cha jioni. Kula kidogo kidogo mara nyingi; maji na tangawizi huwasaidia wengine. Ukitapika, usimeze kingine kwa kukisia, uliza. Ukikosa usingizi, dawa na imezwe asubuhi, ukisinzia, jioni. Siku za kwanza usipande mirundani wala usishike usukani wa bodaboda mpaka uone kichwa kimetulia. Kichwa kikiuma, uliza kwanza kabla ya kumeza dawa yoyote ya dukani, kwa sababu ini la mnywaji ni ini lililochoka.

Jambo moja husahaulika, nalo ni la hatari. Naltreksoni huzizuia dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini, tramadoli na kodeini. Anayezitumia hawezi kuanza naltreksoni bila kuziacha kwanza, atateseka vibaya sana. Na anayetumia naltreksoni akivunjika mguu, dawa za kawaida za maumivu makali huenda zisimfae. Aweke kikaratasi mfukoni chenye jina la dawa yake, na mkewe ajue kilipo. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo likiuma upande wa kulia juu, au yakija mawazo ya kujidhuru, hayo si madogo hata kidogo: hospitalini siku hiyo hiyo.

Kingine kisichoandikwa vizuri kwenye vikaratasi vya dawa ni ile huzuni ya kijivu. Fundi alituambia kwamba juma la tatu hakutapika tena, lakini dunia nzima ilikuwa kama mboga isiyo na chumvi. Wengine huipata kwa dawa, wengine kwa kuachana tu na pombe, na huwezi kuzitenganisha kwa macho. Jioni ndiyo ilikuwa ndefu. Alikuwa na marafiki ishirini, wote wa kilabuni, na wa kanisani hakuwa naye hata mmoja. Sisi tuna jumuiya kumi na nane zinazosali kila juma.

Na anayekunywa sana kila siku asikurupuke kuacha ghafla nyumbani kwa ajili ya mahubiri haya. Mwili uliozoea ukinyimwa ghafla hutetemeka, huona visivyokuwepo, hushikwa na degedege, na waweza kufa. Ndiyo sababu fundi alilazwa kwanza.

Sisi tuliolelewa chini ya migomba ya mlima huu tunajua kwamba mbege haikamiliki kwa ndizi na ulezi pekee. Hutiwa gome la msesewa, chungu kuliko kidonge chochote. Hatujawahi kumsikia mnywaji akiambiwa kwamba uchungu wa msesewa ni adhabu yake. Tunauvumilia kwa furaha na kumpongeza mpishi. Tena katika sherehe zetu za Kipaimara na za Upadrisho kreti hupangwa ukutani kama matofali, na anayesema hanywi huulizwa kama anatudharau. Fundi alialikwa kwenye sherehe mbili katika juma lake la pili la dawa, moja ikiwa ya parokia. Alikwenda kwa zote mbili kwa adabu. Kwa hiyo ya parokia hapakuwa na soda iliyobaki alipofika, ilikuwepo bia.

Alianguka siku hiyo. Tunasema kwa kuwa ametuambia tuseme. Alikunywa siku mbili, akaacha dawa siku sita, kisha mkewe akampeleka tena kwa daktari, ambaye hakumkemea. Alimpima ini, akampa tena nusu kidonge, akamuuliza anakula nini asubuhi. Hilo lilikuwa kabla ya Jumapili ya Matawi. Leo ni juma la tano tangu arudi kwenye dawa, na tumbo limetulia isipokuwa siku anapochelewa kula.

Kwa hiyo tunatangaza. Pendekezo lile la jumuiya limefutwa, na viongozi wake wamekwisha kwenda nyumbani kwa fundi kuongea naye. Kilichosemwa huko ni chao. Katika sherehe yoyote itakayofanyika katika viwanja vya parokia, maji na soda vitanunuliwa kwanza na vitakuwepo mpaka mwisho. Sista wa zahanati atakaa katika ofisi ndogo kila Jumanne alasiri kwa yeyote mwenye swali juu ya dawa hizi, mwanamume au mwanamke, maana na wanawake wapo, tena wanaficha zaidi. Na kuanzia Jumapili ijayo, saa kumi na moja na robo alfajiri, kabla ya Misa ya kwanza, akina mama wa WAWATA watakuwa na uji wa ulezi ukumbini kwa kila anayepaswa kumeza dawa yake baada ya kula. Njoo na kikombe chako. Hakuna atakayeulizwa anameza dawa gani.